Maua ya Meneja

Niliolewa Nkololo nikitokea Binza, kule Maswa, na kwa watu wa Nkololo hiyo ilitosha kunifanya mtoto wa mjini. Sikuwabishia. Nilikuwa na gauni mbili za mtumba, nilimaliza darasa la saba, na mama yangu mdogo alikuwa mpishi nyumbani kwa meneja wa kiwanda cha kuchambulia pamba pale Bariadi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, dukani bidhaa zimeanza kurudi, watu wanasema sasa kila kitu ruksa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka nyumba yangu ionekane nyumba ya wakati huo.

Mji wa wakwe zangu ulizungushiwa uzio wa minyaa, kama miji yote ya kule. Mnyaa hauna jani la maana wala ua. Ukiuvunja unatoa maziwa, na maziwa yakiingia jichoni utalia siku mbili. Niliuangalia ule uzio kila asubuhi nikifagia, nikajisemea kwamba sitazeeka nikitazama vijiti.

Nyumbani kwa meneja kulikuwa na ua la namna nyingine. Kichaka kimoja kilibeba maua ya njano, ya machungwa na ya waridi, yote katika kishada kimoja kidogo kama vile mtu amekaa akayapanga kwa vidole. Yalichanua masika na kiangazi. Mama mdogo alisema yaliletwa na meneja wa zamani kutoka huko alikotoka, na hakuna aliyejua jina lake. Nilimwomba anikatie vijiti, akanikatia fungu zima, tukavifunga kwa kipande cha gunia lililolowana. Mume wangu alinipakia kwenye baiskeli hadi Nkololo, mimi nimeyakumbatia maua kama mtoto.

Mama mkwe alinikuta nayachomeka ardhini mbele ya nyumba.

"Hayo yanaliwa?"

"Hayaliwi, mayu. Ni ya kuangalia."

"Ya kuangalia," akarudia taratibu, kama mtu anayejaribu neno geni mdomoni, akaenda zake kuchota maji.

Yalishika yote. Hakuna kijiti hata kimoja kilichokufa, na mimi nikadhani ni mkono wangu mzuri. Msimu wa pili yalikuwa yamenifika kifuani, na watu wa njiani walisimama. Walianza kuyaita maua ya meneja. Wanawake waliokuja kuomba niliwapa bila kuwahesabu. Wa kwanza kabisa alikuwa jirani yetu, mjane wa makamo ya mama mkwe, aliyekuwa akiishi peke yake kando ya njia ya ng'ombe. Nilimchomekea kwa mikono yangu mwenyewe, mzunguko wa nyumba yake yote. Alikaa kwenye kigoda akinitazama na kucheka. "Ng'wanawane, umenijengea ukuta wa kanga," aliniambia, akiniita mwanangu.

Miaka michache baadaye wanunuzi binafsi wa pamba walifika na malori yao na mizani yao, na ushirika ukaanza kuyumba. Kile kiwanda cha Bariadi kilisimama. Meneja aliondoka, mama mdogo akarudi Binza kuuza vitumbua, nyumba ikabaki imefungwa. Siku moja nilipita pale nikitoka sokoni nikaona maua yamevuka bustani. Yalikuwa yamefunika choo cha nje, yameziba mlango wa jiko, yamepanda hadi kwenye bati la banda la mashine. Nilisimama nikayatazama. Nakumbuka vizuri nilichofikiri: kwamba meneja ameondoka lakini uzuri wake umebaki. Ndivyo nilivyokuwa.

Baba mkwe alikuwa na ngitili kubwa. Kwa asiyejua, ngitili ni malisho yanayofungwa masika yote, yasikanyagwe na ng'ombe yeyote, ili kiangazi kikiwa kikali kuwe na majani yaliyokauka yakisubiri. Ile ya kwetu aliirithi kwa baba yake. Mwaka fulani mume wangu alirudi kutoka huko akasema ameona maua yangu matatu katikati ya ngitili, ndege watakuwa wameyapeleka, na anataka kuyafyeka.

"Yaache," nilimwambia. "Yanakudhuru nini?"

Akayaacha. Alikuwa bado ananipenda kwa namna ile ya kuacha mambo.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha kabisa na za masika zilinyesha kidogo zikakata. Pamba ilikauka ikiwa na vitumba vidogo kama punje za karanga. Baba mkwe alifungua ngitili mapema kuliko kawaida, na ng'ombe waliingia. Majani yalikuwa machache, kwa sababu yale maua matatu sasa yalikuwa vichaka visivyohesabika, na chini ya kila kichaka hakuna kilichoota. Ila vichaka vyenyewe vilikuwa vya kijani. Katika nchi yote ile iliyoungua, kijani kilikuwa pale tu.

Baada ya siku kadhaa ng'ombe wetu waliacha kula. Walisimama kwenye kivuli na kukataa kutoka kwenda juani. Macho yao yaligeuka manjano. Halafu ngozi ikaanza kupasuka, kuanzia puani na kuzunguka macho, ikachubuka kama ya mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomkuza mwanangu wa kwanza baada ya mimi kukaukiwa. Nilimkuta amelala nyuma ya zizi, mabaka yake meupe yote yamebambuka. Nilikaa naye hadi alipokufa. Baada yake walikufa wengine watano, na kwa majirani vivyo hivyo.

Zamani tungemwita bwana mifugo wa serikali. Lakini wakati ule bwana mifugo alikuwa amepunguzwa kazini, josho halikuwa na dawa, na serikali ilikuwa imesema sasa mfugaji ajitegemee. Mume wangu alinunua sindano kwa mchuuzi wa mnadani, chupa imefutika maandishi. Tulidunga. Ng'ombe wakazidi kufa.

Ndipo maneno yakaanza. Mwanzoni sikuyasikia, kwa sababu mke wa mwana haambiwi maneno ya namna hiyo. Mama mkwe ndiye aliyeniambia tukiwa tunapepeta mtama, bila kuinua kichwa.

"Wanasema ni jirani."

"Jirani yupi?"

"Unamjua. Ng'ombe wote wakienda ngitili wanapita mlangoni kwake. Na macho yake unayaona."

Macho ya yule mjane yalikuwa mekundu. Hata ya mama mkwe yalikuwa mekundu. Ukipikia kinyesi cha ng'ombe miaka arobaini kwa kukosa kuni, hayawezi kuwa rangi nyingine. Lakini nilijua maneno hayo yanaelekea wapi. Kila mtu wa kwetu alijua. Kulikuwa na vikongwe walioitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa kosa hilo hilo la macho mekundu, na asubuhi yake kijiji kizima hakikuona kitu.

"Watu wametumwa kwa mganga, upande wa Mwanhuzi," mama mkwe aliendelea. "Wakirudi na jina, basi."

Nilimwachia ungo. Sikuwa na wazo lolote kichwani kuhusu maua, nisije nikajisifu. Nilichojua ni kwamba ng'ombe hafi kwa macho ya mtu, na kwamba lazima nimpate mwenye elimu kabla wale watu hawajarudi. Nilichukua baiskeli ya mume wangu bila kumuaga, nikaenda Bariadi.

Yule bwana mifugo aliyepunguzwa alikuwa amefungua duka dogo la dawa za mifugo karibu na stendi. Nilimweleza yote. Aliuliza swali moja tu.

"Rangi nyeupe ndiyo inayobabuka, au na nyeusi?"

"Nyeupe. Nyeusi imekaa kama kawaida."

Alisimama, akafunga duka. Nilimwonyesha pesa niliyobeba, nikamwomba dawa. Akasema, "Weka mfukoni. Nikikuuzia dawa kwa hili nitakuwa nakuibia. Twende nikaone wanakula nini."

Tulifika Nkololo alasiri. Alikwenda moja kwa moja ngitili, mume wangu na baba mkwe wakimfuata kwa mshangao. Hakufika mbali. Alichuma jani la kichaka cha kwanza, akalifikicha, akanusa vidole vyake. Ile harufu kali niliijua hata nikiwa nimesimama mbali. Akainua tawi na kutuonyesha mahali majani yalipokuwa yameng'atwa.

"Nani ameleta haya?"

Baba mkwe alikuwa akitazama chini, na mume wangu akinitazama mimi.

"Mimi," nikasema.

Alitueleza polepole, kwa Kisukuma, ili baba mkwe asipitwe na kitu. Kwamba ua hilo linaitwa lantana, limeletwa kutoka ng'ambo kupamba bustani za wakubwa, na likitoka bustanini halirudi. Ng'ombe mwenye shibe hulipita. Ng'ombe mwenye njaa hulila, nalo huua ini lake, na ini likifa jua lenyewe humgeukia sumu, humchoma pale penye ngozi nyeupe. Aliagiza wagonjwa wawekwe kivulini, wapewe maji mengi, na wasikanyage tena pale. Nilisikiliza yote nikiwa nimesimama wima, kwa sababu niliona nikikaa sitainuka.

"Kesho kuna mkutano wa kijiji," nilimwambia alipomaliza. "Tafadhali lala hapa. Uyaseme haya mbele ya watu."

"Nitayasema. Lakini wakiuliza nani aliyaleta?"

"Hilo nitalisema mwenyewe."

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la ushirika, ambalo msimu ule halikuwa na hata gunia moja la pamba. Yule mjane alikuja. Alikaa pembeni, na pande zake zote mbili palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuikalia. Bwana mifugo alizungumza, watu wakanung'unika. Mzee mmoja akasema dawa za kizungu na magonjwa ya kizungu vyote vimekuja na soko huria, lakini haya ya kwetu tunayajua wenyewe. Bwana mifugo akamjibu, "Mzee wangu, nenda kawaangalie hao ng'ombe. Mabaka meusi ni mazima, meupe yameoza. Mchawi gani anachagua rangi?"

Wachache walicheka, lakini si wengi. Nikasimama. Mwanamke wa umri wangu hakuwa akisimama pale, tena mbele ya baba mkwe wake.

"Yule mama mnayemtazama hakuleta kitu hapa," nilisema. "Haya maua niliyabeba mimi kwenye baiskeli kutoka Bariadi. Yaliyo kwake nimeyapanda mimi. Yaliyo kwenu, wengi wenu, nimewapa mimi. Mume wangu alitaka kuyafyeka ngitili yakiwa matatu tu, nikamkataza. Kama kuna mtu aliyeua ng'ombe za Nkololo, ni mimi, na sikutumia dawa yoyote zaidi ya kupenda maua. Mwenye la kufanya anifanye mimi."

Kisha mama mkwe, aliyekuwa kwenye kundi la wanawake, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni kweli. Nilimuuliza kama yanaliwa."

Sijui ni kitu gani katika maneno yale kilichofungua watu, lakini walianza kusema wote kwa pamoja, kila mtu akikumbuka siku alipokuja kuniomba kijiti. Mwenyekiti alisema ng'ombe wote wakae nje ya vichaka majuma matatu, tuone. Wale waliotumwa kwa mganga walirudi siku mbili baadaye, wakakuta wagonjwa wawili wameanza kunywa maji na kutafuna. Jina walilorudi nalo, kama walirudi nalo, halikutajwa.

Asubuhi iliyofuata mkutano niliamka nikachukua jembe, nikaanza na maua yangu mwenyewe mbele ya nyumba. Baba mkwe alipita akienda kwenye zizi, hakunisalimu. Hakusema nami neno kwa miaka miwili na zaidi. Salamu yangu ya asubuhi, mwangaluka baba, ilijibiwa na mgongo wake. Niliendelea kuitoa.

Nilidhani kufyeka kunatosha. Nilifyeka maua yote kwa siku nne, na mvua ya kwanza iliponyesha kila kisiki kilitoa machipukizi kumi. Nikajifunza kwamba lazima uchimbe hadi chini ya shingo ya mzizi, uutoe wote, uuache juani mizizi ikiwa juu. Miiba yake midogo imepinda kama kucha za paka; inaingia kwa urahisi na kutoka na nyama. Nilinunua suruali kuukuu za jinzi kwenye mitumba, nikashona glovu kutokana na miguu yake. Mume wangu alizicheka, kisha akaomba za kwake. Hivyo ndivyo tulivyosuluhishana, kwa sababu hakuwahi kunilaumu kwa maneno na mimi sikuwahi kujua namna ya kuomba radhi kwa ng'ombe sita.

Halafu nilianza kuzunguka nyumba nilizogawa. Niliwaambia ukweli wote, nikaomba nichimbe mwenyewe. Wengi walikubali. Wengine walisema wao hawana ng'ombe, kwa hiyo haiwahusu. Kwa hao nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, hadi ilipokuwa rahisi zaidi kuniruhusu kuliko kunikaribisha uji kila mara.

Aliyenikatalia kabisa alikuwa yule mjane.

"Mayu, ni haya haya yaliyotaka kukuua," nilimwambia.

"Siyo haya," akasema. "Ni watu. Na haya yana miiba. Mtu akitaka kuniingilia lazima achanike kwanza, nami nisikie. Ukiyang'oa nitalala na nini?"

Nilirudi nyumbani, na siku ya pili nikakata vijiti vya minyaa kutoka ule uzio niliokuwa nikiudharau, mizigo mitatu ya kichwani, nikampandia mstari nje ya maua yake, vimekaribiana hata kuku asipite. Tukakubaliana kwamba minyaa ikimfika mabegani, maua yatatoka. Hadi hapo ningekuja kila mwezi kukata vishada vyote kabla havijafanya matunda, ndege wasipate cha kubeba. Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Kila mwezi nilikwenda na kikapu, na kila mwezi yeye aliketi karibu akinionyesha nilivyoviruka. Hatukuzungumzia ule mkutano hata mara moja. Siku moja tu, nikiwa nimejikunja chini ya matawi, alisema, "Wabeja, ng'wanawane," na nilipotoka kuuliza ananishukuru kwa lipi alikuwa ameshaingia ndani. Minyaa ilipomfika mabegani alijipima mwenyewe, akasimama nayo bega kwa bega mara mbili, ndipo akasema nilete jembe.

Ngitili ilikuwa kazi ya maisha mengine. Tuligawanya vipande kwa kamba. Mwanzo tulikuwa mimi na mume wangu, kisha wanawake watano waliopoteza ng'ombe, kisha na waume zao pamba ilipouzwa na mikono kuwa mitupu. Kila masika tulipita juu ya vipande vya mwaka uliopita, tukikagua miche midogo, kwa sababu mbegu zilizokuwa ardhini hazikusahau kuota. Mwaka wa kwanza nilitamani kukaa chini na kulia kila siku. Mwaka wa pili nilitamani mara moja moja. Mwaka wa tatu majani yalirudi chini ya ile mikono yetu, majani mabichi ya kawaida ambayo hakuna mtu angesimama njiani kuyatazama, na mimi nilisimama nikayatazama.

Kiangazi cha mwaka ule wazee walikusanyika kwenye lango la ngitili kuamua kama ifunguliwe. Mimi nilikuwa mbali nao, nachoma mizizi iliyokauka. Baba mkwe aliwaacha wenzake wakizungumza, akatembea hadi nilipokuwa. Alisimama upande mwingine wa moto, fimbo yake begani.

"Wewe ndiye unayepajua," alisema. "Ng'ombe ziingie?"

Ilikuwa sauti niliyokuwa nimeanza kuisahau. Nilijifuta majivu usoni ili nipate muda.

"Upande wa mtoni bado, baba. Kuna kipande sijakimaliza. Huku juu ziingie."

Aliitikia kwa kichwa, akageuka, akawapigia kelele wachungaji waziweke ng'ombe upande wa juu na wasithubutu kushuka mtoni. Kisha akarudi pale kwenye moto, akaegesha fimbo yake kwenye jiwe, na kuniuliza jembe la pili liko wapi.